Kafunguo kadogo juu ya kioo cha simu

Leo tuache bei ya mchele, tuache na barabara ya Kalima, hayo tutayarudia. Nataka tuongee juu ya kitu kilichomo ndani ya simu za wengi wetu, ambacho shefu wa biro akikiuliza, kila mmoja anatazama chini ya meza.

Kama simu yako ni Android, itazame sasa hivi. Juu kabisa, karibu na saa na alama ya betri, kuna kafunguo kadogo? Kama kapo, VPN yako inawaka. Usiogope, simtaji mtu.

Wakongomani wengi tulikajua kafunguo haka kwa njia ya siasa kabla ya kukaleta kazini. Kumbukeni Januari 2015, watu walipoingia barabarani Kinshasa kupinga mabadiliko ya sheria ya uchaguzi: intaneti ilikatwa, na ilipoanza kurudi, mitandao kama Facebook ilibaki imefungwa kwa siku nyingi zaidi. Desemba 2016, muhula wa pili wa Rais Joseph Kabila ulipofika mwisho, mitandao ya kijamii ikafungwa tena. Tarehe 30 Desemba 2017, waziri wa posta na simu, Emery Okundji, akaagiza makampuni yakate intaneti na SMS, kwa sababu kesho yake Wakatoliki walei walikuwa wanaandamana. Kila mara mitandao ilipofungwa, vijana waliambiana neno lilelile: weka VPN.

Inafanyaje kazi? Bila VPN, kampuni ya simu inaona unakokwenda. Ikiagizwa kufunga Facebook, inafunga, na wewe unabaki mlangoni. Ukiwasha VPN, kila unachotuma kinageuzwa kuwa maandishi ya siri na kupelekwa kwanza kwenye mashine iliyo mbali, tuseme Uholanzi, na mashine ile ndiyo inayokwenda Facebook kwa niaba yako. Kampuni ya simu inaona kitu kimoja tu: huyu anaongea na Uholanzi. Wanaongea nini, haijui. Shikeni neno hilo la Uholanzi, tutalihitaji tukifika biro.

Lakini VPN haileti intaneti mahali ambapo intaneti haipo. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, serikali haikufunga Facebook peke yake. Ilikata yote, ikakaa hivyo kama siku ishirini, mpaka Mahakama ya Katiba ilipokuwa inamthibitisha Félix Tshisekedi kuwa rais. Watu wa Goma walivuka kwenda Gisenyi kutafuta mtandao wa Rwanda, wa Bukavu walishika minara ya Rusizi, wa Kinshasa walisogea ukingoni mwa mto kuvizia mtandao wa Brazzaville. Sisi wa Kindu tuko katikati ya nchi. Tungevuka mto twende wapi, Alunguli, upande wa pili wa mji uleule?

Jirani zetu nao wana yao. Uganda, Julai 2018, walianza kulipishwa shilingi 200 kwa siku kwa kuingia WhatsApp na Facebook, na watu wakakimbilia VPN kukwepa kodi. Tanzania, Oktoba 2023, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwapa wenye kutumia VPN hadi tarehe 30 ya mwezi ule wajiandikishe. Na kwetu tena, mwanzoni mwa Februari 2025, Goma ikiwa imeshaingia mikononi mwa waasi wa M23, watu walikuta X na TikTok hazifunguki.

Kwa mambo hayo, mimi sioni dhambi ya kafunguo. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari, na kifungu cha 31 kinalinda siri ya barua na mawasiliano yake. Mama wa Kindu anayetaka kujua kama mwanawe aliye Goma ni mzima, akipita kwa VPN kwa mega alizonunua mwenyewe, hajamwibia mtu.

Sasa tuingie biro.

Tuchukue biro moja ya ONG hapa mjini. Sitaitaja, ziko nyingi zinazofanana. Juu ya bati kuna antene nyeupe ya VSAT inayotazama satelaiti. Ndani kuna watu wengi na mtandao mmoja. Ni mwisho wa mwezi. Kijana wa data ameketi na ripoti za vituo vya afya, madaftari yamempanda hadi magotini, anajaza hesabu kwenye DHIS2, ule mfumo ambao wizara yetu ya afya inakusanyia hesabu za wagonjwa, za chanjo na za akina mama waliojifungua. Anabonyeza kutuma. Kaduara kanazunguka. Anakwenda kunywa chai, anarudi, kaduara bado kanazunguka, kisha kioo kinamwambia aanze upya. Chumba cha pili, bwana wa lojistike amewasha VPN, anashusha mechi ya jana ya ligi ya Uingereza. Biro ilifunga YouTube. Mashine inayolinda mtandao, ule ukuta wanaousimamia watu wa informatike, iko pale inafanya kazi yake, ila YouTube haiioni. Inaona mtu anayeongea na Uholanzi.

Ukimuuliza bwana yule, jibu analo tayari: "Hata Kabila alitufungia, tukapita." Anacheka, na wenzake wanacheka naye.

Hapo mimi ninakataa. Serikali ilipofunga, ilifunga kitu changu: habari ninazohitaji kama raia, kwenye simu yangu, kwa feza yangu. Biro inapofunga, inafunga mtandao wake, kwenye mashine yake, ambao unatumiwa na watu wengi na umelipiwa na mtu mwingine ili kazi fulani ifanyike. Bwana wa lojistike hakumshinda Kabila. Amemshinda kijana wa data. Na nyuma ya kijana wa data kuna muuguzi wa huko ndani ambaye dawa zake za mwezi ujao zinahesabiwa kwa ripoti ile iliyokwama.

Mechi ni jambo dogo, najua. Wengine watasema naleta vita kwa sababu ya mpira. Basi tuache mpira, tuongee juu ya orodha.

Mnazijua orodha. Watu waliokimbia vita kutoka Kabambare, wakaandikwa majina: baba nani, mama nani, watoto wangapi, wanalala wapi, namba ya simu. Wanawake waliobakwa, wakafika kwa daktari, wakaandikwa. Orodha zile zimo ndani ya kompyuta za biro za Kindu, mara nyingi ndani ya kompyuta ileile ambayo mtu ameweka VPN aliyoipata bure, yaani ametoboa tundu kwenye ukuta. Watu wengi wanafikiri ukuta wa mtandao umewekwa kumlinda shefu na kuwabana wadogo. Yule mama wa Kabambare ndiye anayelindwa kwanza, na yeye hajui hata kama ukuta upo.

Tena si hadithi za kutishana. Mnamo Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba wezi wa mtandao wameingia kwenye mashine zake na kufikia habari za watu zaidi ya 515,000: watu waliopotezana na jamaa zao, wafungwa, wakimbizi, kutoka vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60 duniani. Haki isemwe: pale hakuna mfanyakazi aliyekosea kwa VPN, wezi walipita kwenye tundu la programu ambalo lilikuwa halijazibwa. Lakini mnaona uzito wake. Kama Msalaba Mwekundu, wenye mafundi wao Geneva, waliingiliwa kwa tundu moja, je, sisi tunaotoboa matundu wenyewe ili tutazame mpira?

Na hiyo VPN ya bure, nani anailipia? Kuna mashine Uholanzi, kuna umeme, kuna mafundi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mwaka 2016 wataalamu wa Australia na wenzao walichunguza programu 283 za VPN za Android. Asilimia 18 hazikuficha kitu chochote, ujumbe wa mtu ulipita wazi kabisa. Asilimia 38 zilionyesha dalili za programu za hila. Facebook nayo ilinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, ikawapa watu VPN ya bure kwa jina la kuwalinda, kumbe ilikuwa inaionyesha Facebook programu gani nyingine watu wanatumia kwenye simu zao. Apple ilipoilalamikia mwaka 2018, ikaondolewa dukani kwake. Na mwaka 2015 ilijulikana kwamba waliotumia Hola bure, mtandao wao ulikuwa unauzwa kwa wateja wengine wapitie hapo. Hebu fikiri: mtandao wa ONG ya Kindu, na mtu asiyejulikana wa nchi za mbali anapitia humo kufanya mambo yake, na alama za miguu zinabaki mlangoni kwetu.

Maana VPN haiondoi macho. Inayahamisha kutoka kwa fundi wa biro, ambaye unamjua na mnasali naye Jumapili au Ijumaa, kwenda kwa mtu ambaye hujui hata yuko nchi gani.

Tor, programu nyingine ya kujificha mtandaoni, ni kitu kingine. Chanzo chake ni maabara ya Jeshi la Majini la Marekani, katikati ya miaka ya 1990. Watu wote wakaanza kuipata mwaka 2002. Badala ya mashine moja, inapita kwenye mashine tatu. Ni barua iliyotiwa ndani ya bahasha tatu: wa kwanza anajua imetoka kwako lakini hajui inakokwenda, wa katikati hajui kitu, wa mwisho anajua inakokwenda lakini hajui imetoka kwa nani. Kwa mtu mwenye jambo la kweli la kuficha, ni bora mara nyingi kuliko VPN za bure.

Nimeongea sana upande wa biro. Sasa wakuu nao wasikilize, kwa sababu kuta nyingine hapa mjini zimejengwa vibaya, na watu wanaziruka kwa sababu wamechoka kuomba.

Ukuta umepangwa Kinshasa au Ulaya na mtu ambaye hajawahi kufika Punia. Anafunga WhatsApp kwa sababu huko kwao WhatsApp ni ya kupiga soga. Huku kwetu muuguzi wa msituni akipata mgonjwa wa surua, anapiga picha ya daftari na kuituma WhatsApp, kazi ndiyo inapita humo. Anafunga kurasa zote zenye maneno ya mwili wa mwanamke, na daktari anayetafuta jinsi ya kumtibu aliyebakwa anaambiwa ukurasa huu ni mchafu. Halafu shefu mkubwa mashine yake haikufungwa kitu. Mchana unamkuta naye na mechi ileile. Sheria ya namna hiyo hata mtoto wa shule haiheshimu.

Kuna na jambo la kupeleleza. Siku moja, tarehe 16 Oktoba 2002, sheria tatu zilitoka zikifuatana kwa namba: 013 ya mawasiliano, 014 iliyounda ARPTC, mamlaka ya kusimamia posta na simu, na 015, Kanuni ya Kazi. Zilizaliwa siku moja lakini hazikusalimiana. Ile ya kazi huwezi kukuta ndani yake sura juu ya bosi anayesoma ujumbe wa mfanyakazi. Leo tunayo sheria mpya ya mawasiliano ya Novemba 2020, na tunayo Kanuni ya Dijitali ya 13 Machi 2023 inayoadhibu mtu anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila haki. Wakuu wa biro wanapenda kututajia hiyo ya mwisho. Kifungu cha 31 cha Katiba hawakitaji.

Nitawapa kisa cha mbali, lakini kinatufaa. Mhandisi mmoja wa Romania, Bogdan Bărbulescu, alifukuzwa kazi mwaka 2007 kwa sababu bosi wake alifuatilia mazungumzo yake ya Yahoo Messenger siku kadhaa, akayachapa kurasa 45. Ndani yake kulikuwa na maneno yake na ndugu yake na mchumba wake. Kweli kampuni ilikataza kutumia mashine kwa mambo ya binafsi, na yeye alijua. Alishindwa mbele ya majaji wa nchini kwake, akashindwa tena mwaka 2016 kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mpaka tarehe 5 Septemba 2017 majaji wa baraza kuu la mahakama ile, 11 kwa 6, wakasema haki yake ilivunjwa. Hawakusema bosi hana ruhusa ya kuangalia. Walitazama kama mfanyakazi alikuwa ameambiwa mapema kwamba anaangaliwa, na kwa kiasi gani, na wakakuta mahakama za kwao hazikujali jambo hilo. Hukumu ile haifiki Kindu, lakini busara yake haihitaji visa.

Linabaki swali gumu, na hapa nitakaa kidogo. Je, mfanyakazi anayeona wizi? Mwaka 2020 shirika la habari The New Humanitarian lilieleza jinsi misaada ya wakimbizi mashariki mwa nchi yetu ilivyoliwa kwa orodha za uongo, na shirika la misaada la Mercy Corps lenyewe lilikadiria kwamba limepoteza dola 639,000. Wizi wa namna ile hautoki nje mpaka mtu wa ndani afungue mdomo. Na akifungua, nani anamlinda?

Gradi Koko na Navy Malela walikuwa wafanyakazi wa benki ya Afriland First Bank Kinshasa. Karatasi walizotoa zilitumika katika ripoti ya Julai 2020 ya Global Witness na PPLAAF, jukwaa la kulinda watoa taarifa wa Afrika, iliyodai kwamba mfanyabiashara Dan Gertler alitumia benki hiyo kukwepa vikwazo vya Marekani. Benki ilikanusha, Gertler alikanusha. Vijana wale wawili wakajikuta Ulaya, na Septemba 2020 mahakama ya Kinshasa ikawahukumu kifo bila wenyewe kuwepo. Dunia ilikuja kulijua jambo hilo Februari 2021. Machi 2024 serikali yetu ikaondoa zuio la kuua waliohukumiwa, lililokuwepo tangu 2003. Kwa mtu wa namna hii, programu ya kuficha jina ni uhai wake. Sithubutu kumwambia aheshimu ukuta wa biro.

Ila namwambia jambo moja: asifanye ndani ya biro. Desemba 2013 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, hakutaka kufanya mtihani. Akatuma barua pepe kwamba kuna mabomu chuoni, akapita kwa Tor, akajiona mjanja. Alitumia mtandao wa chuo. Tor ilificha barua, haikuficha kwamba anatumia Tor. Chuo kikatazama nani alikuwa ameunganisha Tor saa ile, polisi wakamfikia, akakiri. Yule alikuwa mkosaji, lakini hesabu ni ileile kwa mwema. Chuo kizima wenye Tor saa ile walikuwa wa kuhesabika. Katika biro ya watu kumi na tano Kindu, atakuwa wewe tu. Fundi hatajua umesema nini. Atajua ni nani, na mara nyingi wenye nguvu hilo linawatosha. Mwenye jambo zito atoke, atumie simu yake, kadi yake, mbali na mtandao wa kazini, na azungumze na watu wanaojua kazi hiyo kama PPLAAF kabla ya kutuma hata karatasi moja.

Sasa namaliza na maombi mawili. Ninyi wakurugenzi wa mashirika na wa idara za Leta hapa Kindu, andikeni karatasi moja, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: nini kimefungwa, kwa sababu gani, nani anaona tunachofanya, na mfanyakazi aende kwa nani akitaka kufunguliwa ukurasa wa kazi. Ibandikeni karibu na mlango, na shefu mkubwa awe wa kwanza kuifuata. Na saa ya mapumziko, kama mtandao unaruhusu, wafungulieni watu kidogo, nao wana jamaa Bukavu na Goma.

Ninyi wafanyakazi, VPN iliyo kwenye simu yenu na mega zenu ni yenu, msiulizwe. Ile mliyoweka kwenye kompyuta ya biro iondoeni, na kama ndani ya mashine hiyo mna majina ya watu waliokimbia vita, msingoje kesho. Iondoeni leo jioni kabla ya kufunga mlango.